Siku moja maishani mwangu: maabara ya damu, Moshi

Saa 1:30 asubuhi. Nimepokea zamu kwa mwenzangu wa usiku. Tunahakiki mashine kwanza, kisha foleni ya sampuli za wodini inaanza.

Saa 3:00. Imeletwa damu ya mvulana wa miaka miwili: himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) 5.8, chini mno, malaria hasi, macho ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi. Daktari intani kaja mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba daktari. Mtoto kanywa dawa gani?"

Hakuna dawa. Ila mama yake anauza mitumba Kiborloni, na juzi alimkuta mtoto akimumunya naftalini, vile vidonge vyeupe vinavyowekwa kwenye nguo. Hapo nikajua cha kuandaa.

Saa 4:00. Kwa kazi hii rangi zetu za kila siku hazitoshi. Unachanganya damu mbichi na methili vayoleti, unasubiri, ndipo unatazama kwa hadubini. Vilikuwepo: vidoa vya zambarau vimeng'ang'ania ukingo wa seli nyekundu. Ni vijibonge vya Heinz, vilivyoelezwa na daktari Mjerumani Robert Heinz mwaka 1890. Kila kidoa ni himoglobini iliyopoteza umbo ikagandamana.

Naipenda kazi hii kwa sababu ya vioo vya hadubini vya namna hii. Protini ni mnyororo wa asidi amino, na haifanyi kazi mpaka ijikunje katika umbo lake. Seli nyingi zina protini saidizi, kama HSP70, zinazoushika mnyororo usijifunge ovyo. Ikishindikana, protini mbovu hubandikwa alama ya ubikwitini, ikapelekwa kwenye proteasomu kukatwakatwa, na nyingine mpya ikatengenezwa. Ugunduzi wa alama hiyo uliwapa Ciechanover, Hershko na Rose Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2004.

Seli nyekundu iliyokomaa haina njia hiyo ya kuanza upya. Imeshatoa kiini, imeshapoteza ribosomu, mitambo ya kutengeneza protini, kwa hiyo siku zake 120 hivi inazimaliza na protini zilezile. Kimeng'enya cha G6PD ndicho kinachoisaidia kuzuia himoglobini isiharibiwe na kemikali kali. Wapo wanaozaliwa na upungufu wa G6PD; katika aina iitwayo A-, iliyoenea sana Afrika, kimeng'enya hicho si imara: kinachakaa mapema, na seli inazeeka bila kinga. Naftalini ikiingia, seli kuukuu ndizo zinazoanza kupasuka. Bandama nayo huvimega vile vijibonge, ndiyo maana kwenye kioo cha leo kulikuwa na seli zenye pengo ukingoni.

Saa 5:30. Intani anataka kipimo cha G6PD leo leo. Tumepima kabla mtoto hajaongezewa damu, lakini nimemsihi asiliamini jibu likija la kawaida. Seli kuukuu zimeshapasuka. Zilizobaki ni changa, na changa zina kimeng'enya cha kutosha. Nimeandika kwenye fomu kwa herufi kubwa: RUDIA BAADA YA MIEZI MITATU. Watoto wengi huambiwa wazima kwa kupimwa wakati usiofaa.

Saa 7:00. Mtori, haraka.

Saa 8:00. Sampuli za kliniki ya selimundu. Mwanafunzi akauliza kama ni ugonjwa uleule. Hapana: himoglobini S hujikunja vizuri, ila asidi amino moja iliyobadilika huifanya ishikane na wenzake ikikosa oksijeni. Akauliza kuhusu ubongo. Huko seli nyingi za neva hudumu nasi maisha yote, na protini zilizogandamana hujilimbikiza: amiloidi-beta na tau katika Alzheimer, alfa-sinukleini katika Parkinson. Nimewaambia wanafunzi walizungumze hilo makwao, maana bado wapo wazee wanaosahau njia ya nyumbani na watu wakasema wamerogwa. Inaniumiza sana.

Saa 10:00 jioni. Mama wa mtoto kafika dirishani na intani. Damu imeshaongezwa, mtoto ananyonya. Tumemweleza naftalini itoke nyumbani yote, na kila mtoto wake akienda kutibiwa aseme habari hii kabla ya kupewa dawa. Akanyamaza, kisha akasema mdogo wake wa kiume naye aliwahi kukojoa mkojo mweusi hivyo, alipotumia dawa fulani.

Jeni ya G6PD hukaa kwenye kromosomu X, ambayo mvulana huipata kwa mama yake, kwa hiyo mjomba mtu ndiye wa kuulizwa. Nikamwomba amlete.