Flashi nyekundu haitoki chumbani: nilivyoilinda altrasaundi yetu

Kila nilipouliza namna ya kulinda mashine za hospitali dhidi ya virusi vya kompyuta, nilijibiwa neno lile lile: weka antivairasi. Nimechoka kulisikia. Mimi ni fundi wa vifaa tiba katika hospitali moja mkoani Mtwara, na ushauri huo ndio uliotulalishia altrasaundi siku ya kliniki, wajawazito wamejaa kwenye mabenchi mpaka nje chini ya mwembe.

Ndani ya mashine yetu kuna kompyuta yenye Windows 7, mfumo wa zamani wa kuendeshea kompyuta. Wengi hawalijui hilo, wanaona skrini na kile kishikio kinachopakwa jeli, basi. Microsoft iliacha kuitolea Windows 7 masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Januari 2020, lakini huwezi kutupa mashine ya mamilioni ya shilingi kwa sababu hiyo. Wala huwezi kuichezea. Mtengenezaji ameipima ikiwa na programu alizoziweka mwenyewe, ukiongeza chako kikaharibu, mzigo ni wako.

Kirusi kilikuja na flashi. Karatasi za printa ya altrasaundi zikiisha, na huisha mara kwa mara, picha zilikuwa zinahamishiwa kwenye flashi, inapelekwa steshenari karibu na stendi, zinachapishwa, kisha flashi hiyo hiyo inarudi kuchomekwa kwenye mashine. Kompyuta ya steshenari inapokea flashi za wanafunzi, za watendaji wa vijiji, za makarani wa vyama vya ushirika msimu wa korosho. Ikafika siku folda zote za wagonjwa zimegeuka njia za mkato, yaani alama tupu za kuelekeza kwenye faili, kila moja kilobaiti moja au mbili, na mashine inajivuta. Mama amelala kitandani, jeli inamkaukia tumboni, picha imeganda.

Tukaletewa kijana wa kompyuta kutoka Dar es Salaam. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hii si kompyuta ya ofisini." Akasema kirusi ni kirusi, akaweka antivairasi yake. Ikaanza kupekua faili moja moja, mashine yenye kumbukumbu ndogo ikazidiwa. Halafu ikakutana na faili ya programu ya altrasaundi yenyewe, ikaidhania kirusi, ikaifungia. Kuwasha tena, skrini ikasimama kwenye nembo ya kampuni. Zima, washa, nembo. Kijana akaanza kupiga simu. Sista wa kliniki akaja mlangoni: "Fundi, niwaambie nini hawa kina mama?" Wengine walikuwa wametoka vijijini kwa bodaboda tangu alfajiri.

Kilichotuokoa ni nakala ya diski nzima niliyoichukua mashine iliposimikwa, nikaiweka kwenye diski ya nje iliyogharimu laki na kitu, fedha ambazo watu wa ugavi walizinung'unikia sana. Nikairudisha ile nakala, jioni mashine ikawaka ikiwa safi kama siku ya kwanza. Picha za wagonjwa nazo nilikuwa nimeshaziokoa mapema, kwa sababu kirusi cha aina ile hakifuti folda, kinazificha tu. Ukifungua diski kwa kompyuta yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta usio Windows, folda zote zinaonekana zimekaa pale pale.

Hapo ndipo nilipopata wazo ninalojivunia kuliko yote. Nilichukua laptopu kuukuu iliyokuwa stoo, nikaiwekea Linux, ambayo ni ya bure, na kirusi cha Windows kikifika humo hakijiendeshi. Nikanunua flashi mbili, moja nikaipaka rangi ya kucha nyekundu, nyingine nyeupe. Nyekundu inatoka altrasaundi kwenda laptopu na kurudi, haivuki mlango wa chumba. Nyeupe inachukua picha kwenye laptopu na kwenda steshenari, haigusi altrasaundi kamwe, na ikirudi inafomatiwa kwanza, yaani inafutwa yote. Jina la mgonjwa linaondolewa kwenye picha kabla haijatoka, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na mwenye steshenari hana sababu ya kujua nani ana mimba ya miezi mingapi.

Matundu ya USB yaliyobaki nimeyaziba. Watu walikuwa wanachajia simu humo! Sikugombana na mtu, nilinunua ekstensheni ya elfu kumi na kitu nikaifunga ukutani.

Mtandao ulinipa kazi zaidi. Monita za wodini, zile skrini za kufuatilia hali ya mgonjwa, zilikuwa kwenye wi-fi moja na ofisi, na nywila yake ilikuwa inajulikana mpaka kijiwe cha bodaboda. Nikatumia ruta ya pembeni kuzitenga: vifaa tiba vina mtandao wao, vinaongea na kompyuta ya wauguzi tu, njia ya intaneti hakuna. Niliulizwa kama sikuzi mambo. Nikawaeleza habari ya WannaCry, kirusi kinachofunga faili na kudai fidia, ya Mei 2017 huko Uingereza: taasisi za huduma ya afya zisizopungua 80 ziliguswa, na inakadiriwa miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilivunjika, ingawa kiraka cha tundu la usalama la Windows ambalo kirusi hicho kilipitia kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Mwaka 2025 mwezi Januari, mamlaka za Marekani zilitahadharisha kuhusu monita aina ya Contec CMS8000 kwamba ina mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuiingilia, na inatuma taarifa za wagonjwa kwenye anwani iliyoandikwa ndani yake. Zetu si za aina hiyo, lakini ushauri uliotolewa kwa asiyehitaji kumfuatilia mgonjwa akiwa mbali ulikuwa kuchomoa waya wa mtandao na kuzima wi-fi. Mganga mfawidhi aliposikia hayo akanipa ruhusa.

Nywila za kiwandani nimezibadilisha zote, kwa sababu zimechapishwa kwenye vitabu vya maelekezo na vitabu hivyo vimejaa intaneti. Mpya zimo kwenye bahasha iliyofungwa, kwenye kabati la mfawidhi, ili usiku wa dharura muuguzi asikwame kwa kuwa mimi nimelala. Ukifanya yote ukaisahau bahasha, utaua mtu.

Sasa hivi tunanunua pampu za dripu, na nimeomba masharti yangu yaingie kwenye zabuni: programu yake itasasishwa kwa miaka mingapi, nani ana nywila ya matengenezo, na je, inafanya kazi bila intaneti. Msambazaji mmoja akanipigia, "Kaka, mbona kwingine hawaulizi haya?" Nikamwomba ajibu kwa maandishi. Amejibu mawili, la miaka ya masasisho bado namdai.