Watu wa salamu tu

Kuna watu maishani mwangu ambao sijui niwaite nani. Si marafiki, maana hatujawahi kukaa tukaambiana ya moyoni. Si wageni pia, maana tukionana tunachangamkiana kwa dhati. Tunajuana kwa sura, kwa salamu, kwa habari mbili tatu za juu juu.

Tangu nianze kufanyia kazi nyumbani, hao ndio waliotoweka. Ndugu na marafiki wa karibu bado ninao, tunapigiana simu kama zamani. Lakini hawa wengine huwa hakuna anayeagana nao. Unaacha kupita njia fulani, basi, imekwisha, na wala hakuna wa kukupa pole.

Nimekuwa nikisoma kuhusu mahusiano ya namna hii, nikakutana na Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani. Katika makala yake ya mwaka 1973 alieleza alivyowauliza watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu: mlikuwa mkionana naye mara ngapi? Waliojibu kwamba walionana mara kwa mara walikuwa kama 17 tu katika kila 100. Zaidi ya nusu walionana na mtu huyo mara moja moja, na waliobaki kwa nadra mno.

Ukifikiri, inaeleweka. Marafiki zangu wa karibu wanajuana wao kwa wao, kwa hiyo habari ninayoisikia leo wao wameshaisikia. Ninayemfahamu kidogo anatoka kwenye kundi lingine kabisa, anajua mambo ambayo kwetu yasingefika. Mwaka 2022 ulitoka utafiti mkubwa uliofanywa kwenye LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, ukihusisha watu milioni 20 hivi. Ulithibitisha wazo hilo, ila ukaongeza kwamba anayekufaa zaidi kwa kazi si yule mliye mbali naye kabisa, ni yule wa katikati.

Mimi lakini suala la kazi halinigusi sana. Kinachonigusa ni walichokiona wanasaikolojia Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn katika utafiti wao wa mwaka 2014: siku ambazo mtu amezungumza na wengi wa hawa wa juu juu kuliko kawaida yake, hujisikia mwenye furaha zaidi. Naliamini hilo kwa moyo wote. Mbele ya ndugu zangu mimi ni kitinda mimba, na nitabaki kitinda mimba hata nikiota mvi. Kwa yule mzee tuliyekuwa tukingoja naye basi asubuhi, nilikuwa mtu mzima anayependa kuzungumzia mvua. Hakuwa na historia yangu. Alinichukua kama nilivyofika siku hiyo, na hata wanaonipenda sana hawawezi kunipa hilo, kwa sababu wananijua mno.

Ndiyo maana sikubali mtu anaposema kwamba marafiki wawili wa kweli wanatosha. Wawili hao wana mizigo yao, na kuwatwika wao peke yao haja yako yote ya binadamu wenzako ni kuwaonea.

Jana nimemwandikia mtu mmoja tuliyekuwa tukifanya kazi jengo moja, ofisi tofauti. Nimemuuliza goti lake linaendeleaje. Amecheka, akasema lilipona zamani, sasa anakimbia kila Jumamosi, kisha akaniuliza kama bado nasoma riwaya wakati wa chakula cha mchana.