Utaandika, Madam?

Alikuwa na miaka 15, na kwa wiki tatu nilipata kwake neno moja tu: shikamoo. Nilikuwa afisa ustawi wa jamii katika mahabusu ya watoto, mwaka wangu wa pili kazini, naye alikuwa amekamatwa na simu ya wizi. Wenzangu walimwita jeuri. Mimi niliona mtoto anayeikwepa fomu yangu, na fomu yenyewe swali lake la kwanza lilikuwa kosa.

Jioni moja nilimkuta nyuma ya goli, anashona wavu uliochanika. Alikata uzi wa nailoni kwa meno, akapima tundu kwa vidole viwili, akafunga fundo na kulivuta hadi likakaza. Mtoto wa mvuvi huyu, sikuhitaji kuuliza. Nikaacha faili kwenye benchi, nikamwomba nimshikie upande wa pili. Tulishona mpaka giza likaingia. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu akauliza, macho kwenye uzi:

"Nikikwambia, utaandika?"

Hapo ndipo kazi yetu inapouma. Tunamtaka mtoto atufungulie moyo, na sisi haohao ndio tunaomwandikia hakimu taarifa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo, lakini anaweza kupelekwa shule ya maadilisho, mbali na kwao. Ningemwambia ni siri yetu wawili, ningemdanganya.

"Nitaandika," nikasema. "Ila nitakusomea kabla sijapeleka. Na ukiniambia kuna mtu anakuumiza, hilo sitalinyamazia."

Akakusanya uzi wake, akaenda zake. Usiku ule nililala nikijua nimempoteza.

Asubuhi nikamkuta mlangoni kwangu. Akaanza na habari za gundi ya kunusa, akaja kwenye maskani ya stendi, kisha kaka wakubwa waliokuwa wakimtuma.

Taarifa ilipokamilika nilimsomea yote, kidole changu kikifuata mistari, naye kainama anakifuata. Nilipofika "ametelekezwa na mama yake mzazi", akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Hapo sivyo, madam. Mama hajanitupa. Yuko Muscat, anafanya kazi za ndani. Mkataba ukiisha anarudi."

Nikachukua kalamu, nikaukata mstari ule mbele yake, nikaandika kama alivyosema.

"Soma tena hapo," akasema.