Laisini imewabadilisha nguruwe wangu
Wafugaji wenzangu wa Mbeya, nguruwe kudumaa si lazima iwe mbegu mbaya. Wangu hapa Uyole walikuwa wanashiba pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, lakini mwili hauongezeki. Bwana mifugo akashauri tuongeze laisini, moja ya asidi amino (vijenzi vya protini), kwenye chakula. Mapaja yamejaa, nimefurahi mno!

Mahindi na alizeti vina laisini kidogo. Asidi amino hiyo moja ikipungua, zile nyingine hazijengi nyama hata ziwe nyingi; ini huzivunja, naitrojeni yake inatoka kwenye mkojo kama urea. Hela ya mashudu inaishia sakafuni, na banda linanuka amonia.

Wenye kuku wanaokula mahindi na soya, ninyi angalieni methionini, asidi amino nyingine, kwanza.