Jicho Lililorandwa Mimbarini

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa katibu wa vijana kanisani kwetu, niliandika barua ya kurasa mbili kumtuhumu seremala mmoja kuwa ni Frimasoni. Mzee huyo alikuwa ametutengenezea mimbari bure, kwa mbao zake mwenyewe, na katikati ya ubao wa mbele alikuwa amechonga pembetatu yenye jicho ndani yake, miali ya nuru ikitoka pande zote, na chini yake maneno ya Zaburi ya 33: "Tazama, jicho la Bwana li kwao wamchao." Tuliona jicho tu, maneno hatukuyasoma. Katika barua ile nilitaja ushahidi wa aina tatu: jicho, pembetatu, na taarifa ya kijana mmoja aliyedai kwamba ameona bikari na skwea vimewekwa juu ya meza ya kazi katika karakana ya mzee. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza seremala hupimia nini pembe mraba, wala huchorea nini duara.

Barua ilisomwa mbele ya waumini baada ya ibada, na wazee wa kanisa wakaamua mchongo uondolewe. Mzee aliombwa auondoe mwenyewe. Alikuja Jumamosi asubuhi na randa na patasi, nami nikamshikia mimbari upande mmoja isiyumbe. Hakusema neno. Aliparua maneno ya Zaburi kwanza, kisha miali, kisha pembetatu, na jicho akaliacha la mwisho. Mabaki ya mbao yalianguka juu ya viatu vyangu, akayakusanya yote kwa mikono na kuondoka nayo kwenye mfuko. Hakurudi tena ibadani.

Tangu hapo nimetumia muda mwingi kujifunza kile nilichopaswa kukijua kabla ya kushika kalamu, na ninaandika haya kwa kuwa tuhuma za namna ile bado zinatolewa kila wiki, mimbarini na kwenye simu zetu, na watu wenye nia njema kama niliyokuwa nayo mimi.

Nianze na vifaa vile viwili. Neno lenyewe Freemason lina maana ya mwashi huru, na chama hiki kiliazima ishara zake kutoka kwa mafundi waliojenga kwa mawe. Kwa mujibu wa masimulizi yake, Loji Kuu ya kwanza iliundwa tarehe 24 Juni 1717, pale loji nne za London, yaani matawi manne ya chama, zilipokutana katika kilabu cha pombe kilichoitwa Goose and Gridiron. Wanachama hupanda daraja tatu ambazo majina yake ni ya ufundi, yaani mwanagenzi, fundi, na fundi mkuu. Skwea huwakumbusha unyofu, na bikari huwakumbusha kujiwekea mipaka. Herufi G inayoonekana katikati ya vifaa hivyo huelezwa na wao wenyewe kuwa ni jiometri na pia ni Mungu kwa Kiingereza. Mtu anaweza kuyakataa mafundisho hayo, lakini hawezi kumhukumu kila seremala, mwashi na mwanafunzi wa hesabu kwa kuwa anamiliki vyombo vya kazi yake.

Jicho nalo lina historia ndefu ambayo sikuwa na habari nayo. Wachoraji Wakristo wa Ulaya walilitumia kwa karne nyingi kuonyesha kwamba Mungu anaona yote, na pembetatu inayolizunguka ilikuwa njia yao ya kuchora Utatu Mtakatifu. Mwaka 1776, kamati ya kwanza iliyopewa kazi ya kubuni nembo ya taifa la Marekani ilimtumia msanii Pierre Eugène du Simitière, na yeye ndiye aliyependekeza jicho hilo, hakuwa Frimasoni. Kati ya wajumbe watatu wa kamati, Benjamin Franklin peke yake ndiye aliyekuwa mwanachama. Nembo yenyewe, pamoja na piramidi yake, ilikubaliwa mwaka 1782. Kitabu cha Thomas Smith Webb kilicholieneza jicho hilo miongoni mwa Wafrimasoni wa Marekani kilitoka mwaka 1797, miaka 15 baadaye, na piramidi ile ikawekwa kwenye noti ya dola moja mwaka 1935. Kwa hiyo tulipomwambia mzee kwamba amechora alama ya mashetani, tulikuwa tunalitukana jicho ambalo mababu zetu katika imani walilichora juu ya altare zao.

Ndugu zetu Waislamu hulisoma jicho hilohilo kwa njia nyingine, kwa sababu hadithi za Mtume humweleza Masihi Dajali kuwa ni chongo. Nimewasikia vijana wakihesabu picha za wasanii waliofunika jicho moja kwa mkono na kuzifanya dalili za Dajali. Lakini hadithi hizo zinamweleza mtu mwenye kasoro ya jicho, na zinatia mkazo kwamba Mola si chongo. Hazisemi lolote kuhusu mchoro wa jicho kwenye karatasi, sembuse mwanamuziki aliyeambiwa na mpiga picha aweke mkono usoni.

Sehemu iliyonishtua kuliko zote ni asili ya masimulizi ya ibada za shetani ndani ya loji, yale niliyoyanakili kwenye barua yangu nikiamini yametoka kwa watu waliotoroka chamani. Mengi yana baba mmoja, Mfaransa aliyejiita Léo Taxil. Mtu huyu alikuwa akiishi kwa kuandika vitabu vya kulikashifu Kanisa Katoliki, kisha mwaka 1885 akatangaza kwamba ametubu, na tangu hapo akawa anaandika vitabu vya kuwafichua Wafrimasoni. Mwaka 1887 alipokewa na Papa Leo XIII. Yeye na wenzake walibuni dhehebu la siri lililoitwa Palladium, wakasingizia kwamba kiongozi wake ni Albert Pike, Mfrimasoni maarufu wa Marekani, wakasimulia habari za mashetani yanayojitokeza kwenye vikao, hata mamba mwenye mabawa aliyepiga piano. Kisha wakamtoa Diana Vaughan, mwanamke aliyedaiwa kuwa kuhani wa shetani aliyeokoka, na waumini kote Ulaya wakamwombea, wakasoma ushuhuda wake na kulia.

Tarehe 19 Aprili 1897, umati ulikusanyika katika ukumbi wa Chama cha Jiografia mjini Paris ili umwone Diana Vaughan kwa mara ya kwanza. Taxil akapanda jukwaani peke yake, akaeleza kwamba Diana wanayemtarajia hayupo, kwamba jina hilo aliliazima kwa mpiga taipu wake, na kwamba kwa miaka 12 amekuwa akiwadanganya wote. Mapadre na waandishi wa habari walikuwa wamekaa mbele yake. Ungetarajia hadithi zife siku ile, lakini hazikufa. Maneno ambayo mpaka leo husambazwa kama hotuba ya Pike ya kumtukuza Lusifa yalitoka katika uzushi huohuo, na yalichapishwa baada ya Pike kufariki, asiweze tena kuyakanusha. Mimi niliyaweka kwenye ukurasa wa pili wa barua yangu, katika alama za kunukuu.

Tunapenda kusema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii nimeitumia sana, na nadhani ndiyo iliyoniponza. Hapa lilisemwa kwa miaka 12 na halikuwapo, na mwenye kulisema alikiri hadharani kwa mdomo wake, na bado lingali linasemwa.

Alama nyingine zina habari kama hiyo. Mbuzi mwenye mabawa aitwaye Baphomet alichorwa na Mfaransa Eliphas Lévi katika miaka ya 1850, na Taxil ndiye aliyesaidia kumwingiza katika picha za kuwashutumu Wafrimasoni. Jina lake tu ndilo la kale, kwani lilitajwa katika kesi za mashujaa wa Hekalu (Templar), askari watawa wa Kikatoliki waliokamatwa Ufaransa mwaka 1307 na kuteswa ili wakiri. Nyota yenye ncha tano ilitumiwa na Wakristo wa zama za kati kukumbuka majeraha matano ya Kristo, na huyohuyo Lévi ndiye aliyeeneza fundisho kwamba ikigeuzwa juu chini ni ya shetani. Msalaba uliogeuzwa ni alama ya Mtume Petro, ambaye mapokeo yanasema aliomba asulubiwe kichwa chini kwa kujiona hastahili kufa kama Bwana wake; Papa Yohane Paulo II alipokaa kwenye kiti chenye msalaba huo alipozuru Israeli mwaka 2000, picha ile ilisambazwa kama uthibitisho kwamba ameuza nafsi. Hata ishara ya mkono ya viziwi wa Marekani yenye maana ya "nakupenda", ambayo huinua kidole gumba, cha shahada na cha mwisho, imewaponza watu wengi kwa kuwa inafanana na pembe.

Uongo wa namna hii hugharimu. Kampuni ya Procter & Gamble ilikuwa na nembo ya mwezi wenye uso wa mwanadamu na nyota 13, ukumbusho wa makoloni 13 ya kwanza ya Marekani. Uvumi ulienea kwamba katika nywele na ndevu za uso ule imefichwa namba 666, na kwamba faida ya kampuni hupelekwa kwa shetani. Mwaka 1985 kampuni ilianza kuiondoa nembo hiyo kwenye bidhaa zake, lakini uvumi haukukoma, na mwaka 2007 baraza la mahakama liliamuru watu wanne walioueneza, waliokuwa wakiuza bidhaa za kampuni shindani ya Amway, wailipe dola milioni 19.25. Hiyo ilikuwa kampuni kubwa yenye mawakili. Seremala hana wakili.

Wapo pia waliolipa kwa damu. Maandishi ya kughushi yaliyoanza kuchapishwa Urusi mwaka 1903, yakidai kufichua njama za Wayahudi kuitawala dunia wakishirikiana na Wafrimasoni, yalionyeshwa na gazeti la The Times la London mwaka 1921 kuwa yamenakiliwa kutoka kitabu cha zamani kisichohusu Wayahudi kabisa. Wanazi waliendelea kuyatumia. Nchini Hispania, dikteta Franco alitunga sheria ya kuwakandamiza Wafrimasoni mwaka 1940, na watu wakafungwa kwa kosa la uanachama.

Nisieleweke vibaya. Mimi si Frimasoni, sitajiunga, na ninazo sababu za kiimani. Papa Clement XII alipokikataza chama hiki mwaka 1738, alilalamikia kiapo cha siri na mchanganyiko wa watu wa dini mbalimbali chini ya kifungo kimoja. Mtu anaweza kukubaliana naye au la, lakini hizo ni hoja za kweli. Vatikani ilirudia katazo hilo mwaka 1983, na tena mwaka 2023. Baraza la Fiqhi, yaani la wanazuoni wa sheria za Kiislamu, lililokutana Makka mwaka 1978 nalo liliwakataza Waislamu kujiunga. Kwangu mimi, neno la Yesu "usiape kabisa" linatosha, hasa nikikumbuka kwamba viapo vya loji za Uingereza vilitaja adhabu ya kukatwa koo mpaka zilipoondolewa viaponi mwaka 1986. Tena usiri una hatari zake za kidunia: mwaka 1981 polisi wa Italia walikuta orodha ya majina 962 ya loji iliyoitwa P2, wakiwemo mawaziri na majenerali, ingawa loji hiyo ilikuwa imesimamishwa na wakuu wake tangu mwaka 1976. Mambo haya yanajadilika kwa ushahidi, na anayeyapinga hahitaji kuongeza mamba mwenye piano.

Kuna madhara mengine ambayo sisi wahubiri na waandishi wa barua hatuyatazami. Tunaposema kila siku kwamba Wafrimasoni hugawa magari na majumba, tunawatengenezea matapeli soko. Kijana aliyekata tamaa hupokea ujumbe kwenye simu wa kumkaribisha chamani, anatuma ada ya fomu, kisha ada ya pete, kisha ada ya kafara, mpaka akiba yake inaisha. Loji halisi haziahidi utajiri, na wanachama wake ndio hulipa michango. Yule kijana hakujifunza ahadi ile kwa Wafrimasoni, aliisikia kwetu.

Amri inasema, "Usimshuhudie jirani yako uongo," na haikutoa ruhusa kwa jirani tunayemshuku.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa mzee karakanani kwake. Alinitolea kiti, akaendelea kupiga msasa mguu wa meza huku nikizungumza, na nilipomaliza akaingia ndani akarudi na kitabu cha sala cha marehemu babu yake, kilichochakaa kingo zote, kikiwa na jicho lilelile juu ya jalada. Ndiko alikolinakili. Nikamwambia, "Mzee, naomba unisamehe." Akanijibu kwamba yeye alishasamehe siku ileile, ila akataka kujua kama barua yangu bado ipo kwenye faili la kanisa. Ipo, nilikwenda kuitazama. Akasema basi iandikwe nyingine, isomwe palepale iliposomwa ile ya kwanza, mbele ya watu walewale.

Nimeiandika, nayo ni kurasa tatu. Wazee wa kanisa bado hawajapanga tarehe, nami huwauliza kila Jumapili.