Nairobi mchana, Goma usiku: siku yangu moja

Saa kumi na moja alfajiri. Simu inatetemeka chini ya mto. Goma, mashariki mwa Kongo, ni saa kumi, na watu wangu wa kule hupenda kusema saa hizo, majirani wakiwa wamelala. Leo ni mama mmoja wa Masisi, dakika tisa za sauti. Alikuwa kambi ya Bulengo hadi Februari 2025, waasi wa M23 walipowapa wakimbizi saa 72 waondoke. Nasikiliza mara mbili bila kalamu, mara ya tatu naandika. Nyuma yake jogoo anawika, mtoto analilia uji.

Saa mbili. Matatu kutoka Kayole, foleni, sina la kusema.

Saa tatu na nusu. Ofisi yetu, ya kukusanya ushahidi wa vita vya kule, ni chumba kimoja, meza mbili, watu wanne. Kijana wetu ameandika: "Walikuwa wanajeshi wa Rwanda, maana walisema Kinyarwanda." Nimefuta sentensi, naye amenuna. Lakini Kinyarwanda ni lugha ya Wakongomani wengi wa Masisi na Rutshuru, wao na mababu zao. Ulimi ukigeuzwa ushahidi, kesho Mtutsi wa Goma anayesema Kinyarwanda atavamiwa sokoni, na karatasi yetu itakuwa imewasha moto. (Nayasema haya kila wiki, wamenichoka.)

Kwa hiyo tunauliza vingine. Kofia za aina gani? Walipita njia ipi, usiku upi, wakabeba silaha gani? Nani aliwaamuru? Mashahidi wawe wawili, wasiojuana. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa nao walikusanya vitu vya namna hiyo kabla ya kuandika, Julai 2024, kwamba wanajeshi wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa Kivu Kaskazini, jimbo la Goma na Masisi. Kigali huzungumzia hatua za kujilinda dhidi ya FDLR, waasi Wahutu wa Rwanda walioko Kongo.

Saa saba. Chapati na maharage, tumesimama.

Saa nane. Barua kwa mabalozi. Namba naijua kama jina langu: azimio 2773 la Baraza la Usalama, 21 Februari 2025, linaloitaka Rwanda iache kuisaidia M23 na iondoe jeshi lake. Rafiki yangu Mganda hunitania, eti sisi huwaona Wanyarwanda tu. Hapana, ndugu, nanyi mmo kwenye faili. Kongo iliishtaki Uganda kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, mwaka 1999, ikashinda 2005, na fidia ikapangwa 2022: dola milioni 325. Tulikuwa tumedai zaidi ya bilioni 11. Madai mengi yalianguka kwa sababu ushahidi haukutosha. Ndiyo maana nagombana na kijana kuhusu sentensi moja.

Saa kumi na mbili jioni. Shahidi wa pili hapatikani. Namtumia pesa ya vocha, nangoja. Saa mbili usiku anajibu: kijiji ni kilekile, lakini yeye anasema ilikuwa Jumanne, mama alisema Jumatatu. Naandika zote mbili. Faili inabaki wazi.

Saa nne. Kanuni yetu ni kwamba sauti ikishaandikwa na nakala kufungwa kwa nywila, ya kwenye simu inafutwa, maana simu huibwa na watu hukamatwa. Naisikiliza ya mama kwa mara ya mwisho, mpaka pale mtoto anapopewa uji na kunyamaza. Nafuta.