Kiti mwendo kwenye vumbi la Nanenane, Nzuguni

Natumia kiti mwendo, na kila Agosti maonesho ya wakulima ya Nanenane yakikaribia hapa Dodoma napewa ushauri ule ule na watu wenye miguu yao miwili: nenda tarehe nane ndiyo kunanoga, usinywe maji ili choo kisikusumbue, na ukikwama watu watakusukuma. Yote matatu ni mabovu, na hilo la kusukumwa ndilo bovu zaidi.

Kiti mwendo hakishindwi na umbali. Kinashindwa na yale magurudumu mawili madogo ya mbele. Njia za kati ya mabanda na kwenye vipando, yale mashamba ya mfano, ni udongo uliokanyagwa mpaka ukawa unga. Mtu akikusukuma kwa nguvu kutoka nyuma, uzito unaenda mbele, gurudumu dogo linajichimbia, kiti kinasimama ghafla na wewe unaendelea na safari peke yako. Kama huna kifaa chochote, geuza kiti ukokotwe kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie. Utaona watu ulikotoka badala ya unakokwenda, lakini utafika.

Mimi nimemaliza habari hiyo kwa gurudumu la tatu, moja kubwa, linalofungwa mbele na kunyanyua yale madogo yasiguse chini. Ulaya na Marekani yanauzwa kwa bei ya ng'ombe aliyenona. Langu ni gurudumu la inchi 12 la baiskeli ya mtoto, foki yake, kipande cha bomba na vibano viwili vya chuma vyenye nati za masikio, zile unazokaza kwa vidole. Fundi wa kuchomelea alitaka elfu thelathini, tukaishia ishirini na kitu, vyuma juu yangu.

Toleo la kwanza fundi alichomelea foki ikawa haizunguki. Kwenda mbele, safi kabisa. Kukata kona, haiwezekani, labda unyanyuliwe na kuwekwa upya. La pili akaweka foki inayozunguka, ila ekseli ikakaa moja kwa moja chini ya bomba la shingo, lile foki inamozungukia. Hapo gurudumu likawa linayumba kushoto kulia na kugoma kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Dawa ilikuwa kupasha moto miguu ya foki na kuipinda ili ekseli ibaki nyuma ya mstari wa shingo kwa sentimita sita hivi. Tangu hapo linafuata lenyewe kila ninakogeukia. Shingo nayo iwe wima kabisa, kwa sababu ikiinama upande mmoja kiti kitavuta upande huo siku nzima na bega litakuuma usiku. Magurudumu madogo yanyanyuke vidole viwili kutoka ardhini, zaidi ya hapo unaanza kulala chali.

Kulifunga ni kazi ya dakika moja: mtu anakandamiza mishikio ya nyuma, mbele kunanyanyuka, unabana kwenye bomba la kukanyagia, basi. Kiti changu hakikunjiki na sehemu ya miguu ni bomba moja zima. Vile vya kukunja vyenye vikanyagio viwili vya kuchomoa haviwezi mzigo huu, vitang'oka. Ndani ya banda unalifungua, maana linaongeza urefu na kona zinakuwa finyu.

Kuhusu matairi, ukiambiwa dukani kwamba inchi 24 ni inchi 24, ondoka. Tairi la kawaida la kiti mwendo la 24 kwa 1⅜ limeandikwa ubavuni 37-540, na namba ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa milimita pale tairi linapokaa. La baiskeli ya milimani la inchi 24 linaishia na 507, na hilo halikai kwenye rimu ya 540 hata ulitukane. Tyubu ndiyo haina shida sana, inatanuka. Miiba ya hapa, mbigiri na migunga, haina adabu: nakata tyubu kuukuu kwa urefu, naondoa sehemu ya valvu, naitandika kati ya tairi na tyubu mpya. Na ukipata pancha usibandike kiraka kabla ya kupitisha kitambaa ndani ya tairi. Ncha ya mwiba iliyobaki humo itakutoboa tena kabla hujafika getini.

Kwenye mabanda, ngazi ni hadithi nyingine. Kipimo kinachotumika sana cha njia ya mteremko ni 1 kwa 12, yaani kizingiti cha sentimita 20 kinahitaji mteremko wa mita 2.4. Wenye mabanda wanaweka ubao wa nusu mita, wanapiga picha. Panda kinyumenyume, mmoja nyuma, mmoja mbele, na uwaambie kabla hawajashika: fremu tu. Vijana wana moyo mzuri lakini mikono yao inakimbilia pa kuwekea mkono, pale panapochomoka, na unabaki chini wao wameshika chuma.

Maji nakunywa. Uti wa mgongo ukishaumia, kujinyima maji ni kualika maambukizi ya mkojo, na hiyo homa hutaisahau. Natoa mkojo kwa mpira mwembamba (katheta) kabla ya kuondoka nyumbani, halafu kila baada ya saa nne hadi sita. Vyoo vingi vya viwanjani ni vya kuchuchumaa na milango haipitishi kiti, kwa hiyo natumia bajaji: kitenge mbele, kingine ubavuni, chupa yenye mdomo mpana, sabuni na maji ya kunawa mikono kwanza. Dereva tulishazoeana, anashuka kwenda kununua zabibu bila kuambiwa. Ananipa siku nzima kwa elfu ishirini au zaidi kidogo, kutegemea mafuta.

Kila nusu saa najiinua au nainama mpaka kifua kiguse mapaja, dakika mbili. Kwenye paredi ya mifugo watu husahau. Kidonda cha makalio kinacholetwa na kukaa muda mrefu hakiumi kwa asiye na hisia, kwa hiyo weka kengele ya simu.

Siku? Katikati ya maonesho, tarehe tatu au nne, asubuhi, na sweta, maana Agosti ya Dodoma ina upepo. Tarehe nane ni ya wanaosimama. Wewe utaona migongo.

Ukirudi, fungua magurudumu madogo, toa nyasi na nywele zilizojisokota kwenye ekseli, futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Mengi yana beringi namba 608, mbili kila gurudumu. Zikianza kukwaruza badilisha zote nne pamoja, bei yake haifiki hata ile ya bajaji ya siku nzima.